Mzizi Usiotaka Salamu

Sasa nimechoka. Nikienda kisimani naulizwa, nikipanga foleni ya sabuni duka la kijiji naulizwa. Juzi msibani kwa kina Hadija mtu alinivuta kanga huku nalia, akaninong'oneza eti Zuhura, hivi ni kweli Dar es Salaam ulikataa kuitikia watu shikamoo zao? Ni kweli. Nimeona niandike mara moja kwenye hili daftari langu la kisomo, anayejua kusoma amsomee asiyejua, na mkimaliza mlirudishe maana kule nyuma nina hesabu za mwalimu sijazimaliza. Herufi zangu mnazijua, zinatembea kama kuku aliyekanyaga jivu. Mtavumilia.

KILICHONITOA NYUMBANI

Mdogo wangu Mwajuma mnamjua, aliyeolewa Dar es Salaam, mume akafa, naye akabaki hukohuko anakaanga samaki Feri. Tulikuwa hatujaonana miaka sita. Mama alipokufa Mwajuma hakuja kuzika, mimi nikasema maneno, maneno yakamfikia, basi ikawa hivyo, kila mtu kwake.

Ndipo msimu wa korosho ikaja barua, mwalimu akanisomea. Mafuta ya moto yalimmwagikia mguuni tangu mwezi wa mfungo. Kidonda kimekataa kufunga. Daktari amesema mwisho wa mwezi huu atauangalia mara ya mwisho, akikuta hali ni ileile, mguu unakatwa. Na mkaanga samaki kazi yake ni kusimama kwenye karai kutwa. Akikosa mguu amekosa na karai.

Siku ileile nikaenda kwa Mzee Nandonde, maana hapa kwetu mtu akiwa na kidonda sugu hata kuku wanajua anapelekwa wapi. Akaingia porini alfajiri, akachimba mzizi kwa upande jua linakotokea, akaufunga kwenye kaniki, akanifunga mwenyewe kiunoni. Kisha akanipa masharti.

"Kuongea ongea," akaniambia, "maana wewe nikikukataza kuongea utanifia njiani. Lakini usimsalimie mtu, wala usimwitikie mtu. Mzizi huu ukisikia salamu unajua umefika, unalala, na ukilala umekufa. Wa kwanza kuamkiana naye awe Mwajuma, tena dawa ikiwa imeshapakwa mguuni. Na usimwambie mtu umebeba nini."

Nikaona masharti mepesi. Wenzangu hukatazwa chumvi, hukatazwa kuoga, hukatazwa waume zao. Mimi nimekatazwa salamu tu. Nilirudi nyumbani nacheka.

KIJIJINI MPAKA LINDI, JUU YA MAGUNIA

Kucheka kuliisha kabla sijapanda lori. Nyote mlikuja kuniaga, mnakumbuka, na nyote mkanisalimia. Balozi wa nyumba kumi akaniuliza habari za asubuhi, nikamwambia naona hili lori tairi zake nzima. Bi Fatuma akanipa shikamoo, nikamwambia Fatuma umefunga kanga nzuri leo. Najua ulidhani nimekununia kwa ajili ya lile sufuria langu. Sikuwa nimenuna, ingawa sufuria bado nalitaka.

Utingo wa lori, kijana mkubwa mwenye adabu zake, akasema shikamoo bibi. Nikasema nishike mkono nipande. Akaniangalia, akamwambia dereva kuna bibi amekasirika, na dereva kwa kuogopa bibi aliyekasirika akaamuru niwekwe katikati ya magunia, mahali pazuri kuliko pote. Pazuri isipokuwa gunia moja. Mengine yote yalikuwa korosho, hilo moja lilikuwa gumu kama limejaa kuni, likanichoma mbavu toka Nachingwea mpaka Lindi. Nikamuuliza utingo nani anasafirisha kuni wakati miti imejaa kila mahali. Akasema ni mzigo wa mtu, bibi, unaenda mjini.

Njia nzima niliongea. Nilisimulia uzazi wangu wote, wa kwanza mpaka wa tisa, mabonde na milima. Kila lori liliposimama, akipanda abiria mpya, anasalimia, mimi kimya, wanatazamana. Gari likiondoka naanza tena pale nilipoachia. Kuna mama mmoja alihama akaenda kukaa juu ya tairi la akiba.

LINDI MPAKA MTO RUFIJI

Lindi nikapanda basi, na lile gunia la kuni nalo likapandishwa juu ya basi hilohilo, nikasema haya, limeamua kunifuata.

Nikakaa katikati ya mzee mmoja wa kanzu na sista mmoja wa kanisa. Mzee akaniambia asalaam aleikum. Wenzangu, hiyo si shikamoo, hiyo ni salamu ya Mungu, kutoijibu ni dhambi. Niliijibu moyoni, na kwa woga wa mzizi kusikia ya moyoni nikaijibu haraka sana. Mzee kuona niko kimya akaona mimi Mkristo, akasogea kidogo. Sista naye akaona hivyohivyo, akafurahi, akanigeukia, tumsifu Yesu Kristo. Nikamjibu kuwa barabara hii ina mashimo mabaya. Akaona basi huyu Mwislamu, naye akasogea. Nikapata nafasi ya kukaa watu watatu. Safari ndefu namna ile, nilimshukuru Mzee Nandonde.

Shukrani ziliishia Nangurukuru. Basi lilisimama tule. Mama mmoja alikuwa anauza muhogo wa kuchemsha na pweza mkavu aliyekaangwa na nazi, harufu yake mpaka leo ninayo. Nikamwendea, nikamwambia nikatie huo mkubwa. Akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Mama, mimi si gogo," akasema. "Watu huanza na salamu."

Nikamwambia muhogo wake unaonekana wa unga, umeiva vizuri. Akaufunika. Wote walionifuata kwenye mstari akawakatia, mimi akanipita kama nguzo. Nikarudi ndani ya basi na tumbo tupu. Sista akanikatia nusu ya muhogo wake bila kusema neno, na mimi nikala bila kusema neno, kwa sababu neno la kwanza lingekuwa asante, na sikuwa na uhakika kama mzizi huhesabu asante ni salamu.

MTONI, SIKU MBILI

Pantoni la kuvuka Rufiji lilikuwa limekufa mashine. Tukaambiwa fundi amefuata kifaa. Siku ya kwanza tukasubiri kifaa, siku ya pili tukasubiri fundi. Magari yalijipanga mpaka huwezi kuona la mwisho, na kila gari lina watu, na kila mtu ana salamu. Mwisho wa mwezi unakaribia, mimi nahesabu siku kwa vidole, vya mikono vikiisha nikifika vya mguu nakumbuka mguu wa Mwajuma, naacha.

Siku ya kwanza mchana mgambo alipita anakagua watu. Akanipa shikamoo yake vizuri kabisa. Nikamuuliza pantoni litapona lini. Akarudia shikamoo, safari hii polepole, akidhani masikio yangu mabovu. Nikamwambia sauti nimeisikia, nauliza pantoni. Hapo akakunja uso. Mtu asiyesalimia ana lake, akasema, na akataka kujua kiunoni nimefunga nini.

Nikaishika kaniki kwa mikono miwili. Nikimwambia, nimevunja sharti moja. Akifungua, sijui nimevunja mangapi. Yule mzee wa kanzu ndiye aliyeniokoa. Alimvuta mgambo pembeni, akamnong'oneza, nikasikia neno moja tu, eda. Yaani amenionea huruma, amekaa njia nzima akinifikiria, akaamua kwamba mimi ni mjane niliyefiwa karibuni, na kwamba kimya changu kwa wanaume ni cha eda. Mgambo akavua kofia. Akaondoka kinyumenyume.

Habari ikaenea mtoni pote. Kina mama wa pale, Mungu awabariki, wakaniletea wali wa nazi na kambale, wakakaa pembeni yangu wanapunga nzi, hakuna hata mmoja aliyenisalimia maana mfiwa hupewa pole, na pole haimo kwenye masharti ya Nandonde. Jioni wakaleta sahani nyingine. Nililia kidogo, nikikumbuka ule muhogo, nao wakalia na mimi.

Mume wangu, najua daftari hili litakufikia. Nisamehe. Nilikuzika Rufiji kwa sahani mbili za wali.

KARIAKOO, NINAPOSHUSHWA

Tulifika Kariakoo siku ya tano mchana, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya daktari. Basi lilitushusha Mtaa wa Msimbazi. Nilikuwa nimesikia watu wa Dar es Salaam hawasalimiani, kila mtu na lake, na njia nzima nilikuwa najipa moyo kwamba nikifika mjini nitapumzika.

Uongo mtupu. Bibi mwenye mzigo akikanyaga Kariakoo anasalimiwa na kila kiumbe. Mwuza mchicha shikamoo bibi, mshona viatu shikamoo bibi, msukuma mkokoteni anapita mbio na magunia ya nazi, hapumui, bado ananipa shikamoo. Zilinipiga kama mvua. Mimi nainamisha kichwa napita, nasikia nyuma yangu watu wanasema bibi wa watu hasikii, na mwingine anasema anasikia sana, jeuri tu.

Nililiona lile soko jipya, lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Chini kuna soko jingine shimoni. Watu wamepanga foleni ndefu kuizunguka kona, nikauliza foleni ya nini, mama mmoja akaniambia hajui, lakini ameshafika katikati. Nikajisikia nyumbani.

MCHAFUKOGE, MLANGO WA PILI

Barua ilieleza nyumba vizuri. Mchafukoge, si mbali na soko, nyumba yenye baraza ya saruji nyekundu na mlango wa bluu, chumba cha mwisho. Nikaipata kabla ya alasiri. Chumba cha Mwajuma kimefungwa kwa kufuli.

Mlango wa pili kutoka hapo alikuwa amekaa mama mmoja mnene, mweupe kidogo, amevaa kitambaa kichwani, anachambua maharage. Lafudhi yake ya kaskazini, ya kule Kilimanjaro. Aliponiona akauweka ungo chini, akasimama kabisa, akajifuta mikono.

"Shikamoo bibi. Karibu, karibu ukae, umetoka mbali wewe."

Nikamwambia namtafuta Mwajuma mkaanga samaki.

Akasubiri. Akatabasamu, akarudia shikamoo. Nikamwambia tena, Mwajuma, mwenye kidonda, yuko wapi. Nikaona tabasamu linaondoka usoni mwake kama mtu anayekunja mkeka.

"Simjui," akasema. Akakaa, akachukua ungo, akaendelea na maharage yake.

Kufuli ya Mwajuma iko hatua sita kutoka kwenye ungo wake. Anamjua kuliko ninavyomjua mimi. Lakini ningefanya nini? Neno moja tu lingemlainisha, na hilo neno ndilo lililokuwa na mguu wa mdogo wangu ndani yake. Nilisimama pale, nikamsifia maharage. Hakuinua macho.

KURUDI SOKONI

Nikarudi Kariakoo, maana nilijua hapo tu. Nikafikiri nimtafute mtu anayeuza samaki, wakaanga samaki watakuwa wanajuana. Nikazunguka nyuma ya soko, na huko nikakuta safu ya wauza dawa, wamekaa chini, mbele yao magome, mbegu, unga wa kila rangi, pembe, mikaratusi. Mmoja mwembamba mwenye kofia ya mkeka alikuwa anapiga kelele dawa ya vidonda, kidonda sugu, kidonda ndugu, imetoka kusini, imetoka Nachingwea.

Kusikia Nachingwea miguu ikasimama yenyewe. Mbele yake lilikuwepo gunia. Lile gunia la kuni. Nililijua kwa kiraka chake, tulilala nalo mbavu kwa mbavu.

Alikuwa amelifungua, na ndani hamna kuni. Ndani kulikuwa na mizizi, imekatwa vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo lilelile analofunga mzee mmoja tu duniani.

"Nani anakuletea hizi?" nikamuuliza.

"Shikamoo bibi," akasema. "Mzee Nandonde wa kule. Kila mwezi anatuma gunia."

Nikakaa chini. Nikamwuliza kama huyo mzee hakumwambia masharti, kwamba mzizi huu hautakiwi kusalimiwa. Aliniangalia kwanza kuona kama namtania. Kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akawaita wenzake waje wasikie.

"Bibi," akasema, "dawa isiyotaka salamu ataiuza nani Kariakoo? Mimi hapa nasalimiana na watu mia kabla ya saa nne. Na mzizi nausalimia wenyewe, asubuhi nikifungua gunia."

Akachukua kipande kimoja, akakiambia shikamoo, mbele ya macho yangu. Wenzake wakakiitikia.

Nilimwuliza sasa kama hiyo dawa inaponya. Akawa mkweli, nampa haki yake. Akasema kuna wanaorudi kumshukuru, na kuna wanaorudi kumtukana. Mwezi uliopita tu kuna mama mkaanga samaki wa Feri, mwenye kidonda cha mafuta, alinunua mara mbili, kidonda kikazidi kutoa maji, akaja akamtukana hapa mpaka watu wakaacha kununua. Mdomo wake, akasema, utadhani amezaliwa karibu na mashine ya kusaga.

Nikajua nimempata mdogo wangu.

Sasa mtasema Zuhura, hapo si ungefungua macho. Dawa ileile, mzee yuleyule, Mwajuma ameshaitumia mara mbili na haikumsaidia. Wenzangu, mimi nilifungua macho nikaona jambo moja tu: hizo hazikumsaidia kwa sababu zilisalimiwa. Yangu nimeilinda. Nimelala njaa kwa ajili yake, nimeua mume kwa ajili yake. Nikakaza fundo la kaniki, nikauliza njia ya Feri.

FERI

Nilipanda basi la shirika mpaka Posta, kutoka Posta nikashuka kwa miguu kufuata harufu. Feri huhitaji kuulizia. Wavuvi wanamwaga changu na vibua kwenye saruji, madalali wanapiga kelele, na pembeni safu ya wakaanga, makarai yanachemka, moshi mpaka machozi.

Mwajuma alikuwa wa mwisho kwenye safu. Amekaa kwenye kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya sanduku la samaki, umefungwa bendeji, na bado mkono mmoja unageuza vibua. Amekonda. Amepata mvi kuliko mimi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mgonjwa, sikuwa nimejiandaa kumwona mzee.

Aliponiona aliacha kijiko kikaanguka ndani ya mafuta. Akajivuta, akasimama kwa mguu mmoja ameshika bega la mwenzake, Bi Tausi, anayekaanga karai la jirani.

"Shikamoo dada," akasema.

Mimi nikaanza kufungua kaniki. Nyoosha mguu, nikamwambia, fungua hiyo bendeji upesi.

"Dada. Shikamoo."

Nikamwambia nyoosha mguu kwanza, Mwajuma, mengine baadaye. Fundo halifunguki, nikaling'ata kwa meno mpaka likaachia. Wakaanga wote walikuwa wamegeuka kututazama.

Nilidhani ataelewa. Lakini yeye aliona nini? Aliona dada yake ambaye hajamwona miaka sita, amekuja toka kusini, amesimama mbele ya watu wa kazini kwake, na shikamoo yake ameiacha chini kama ganda la ndizi. Aliona mazishi ya mama. Nikaona uso wake unafanya kile ambacho ulikuwa unafanya akiwa mdogo, mdomo wa chini unatangulia.

"Nilikuwa na mimba changa wakati ule," akasema. "Ilitoka nikiwa njiani kuja kumzika mama, nikarudishwa toka Kibiti. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeshasema yako. Sasa kama umekuja na dawa lakini marahaba umeiacha nyumbani, rudi nayo dawa yako. Mtu asiyeniitikia hanishiki mguu."

Akakaa. Akatoa kijiko kwenye mafuta kwa uma, akageuza vibua, amenipa mgongo.

Nilisimama pale na mzizi mkononi. Kiunoni ulikuwa mwepesi, mkononi ukawa mzito. Nikafikiria daktari wa kesho. Nikiitikia, dawa imekufa na mguu unakatwa. Nisipoitikia, dawa ni nzima na mguu unakatwa vilevile, maana mwenyewe hautoi. Nilitamani Nandonde awepo nimwulize kuhusu hali hii, ila yeye alikuwa kwake, nadhani anajaza gunia jingine.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mdogo wangu. Marahaba ya miaka sita."

Mwajuma alilia kwa sauti, mimi nililia zaidi, Bi Tausi akatuzimia moto maana vibua vilikuwa vinaungua. Na mimi nilipofunguka sikuweza kufunga tena. Nilimsalimia Bi Tausi, nikamsalimia kila mkaanga kwenye safu na watoto wake na afya ya mama yake, nikasalimia madalali, hata yule mzee wa kanzu wa kwenye basi, popote alipokuwa, nikamwitikia kwa mbali, asalaam aleikum yake ya toka Lindi. Siku tano za salamu zilitoka kwa mkupuo.

Kisha nikawaeleza yote. Walicheka hadi wateja wakaja kuangalia. Mwajuma akasema mzizi huo anaujua, hautaki hata kuuona. Bi Tausi akauomba yeye, ana mgongo, na nasikia mpaka leo anatembea wima na anautangaza Feri nzima. Mzee Nandonde nilipomweleza juzi hakubabaika hata kidogo. Za sokoni ni za sokoni, akasema, na kama mzizi uliokufa umetibu mgongo kwa kulala tu pembeni, wenye uhai ungemwotesha Mwajuma mguu wa tatu.

Lakini bendeji nilimfungulisha, nione mwenyewe. Nilijiandaa kwa uvundo. Kikatoka kitu kitamu, harufu kama ya maua yaliyoloa. Kidonda kilikuwa kimesinyaa, kando zake nyekundu nzuri, nyama changa inatambaa kuingia ndani.

Nikamwuliza amepaka nini. Asali, akasema. Asali ya nyuki wadogo. Jirani yake ameletewa kutoka kwao Rombo, wiki ya tatu sasa anamwosha kila asubuhi na kila jioni kwa maji ya chumvi yaliyochemka, anapaka, anafunga, na hataki hata asante.

"Jirani gani?" nikamwuliza, nikijua.

"Mama Elibariki. Mlango wa pili. Hukumkuta? Nilimwambia kama ile barua itakuleta, akikuona anikaribishie, nimempa na ufunguo."

FOLENI YA DAKTARI

Hapa sitawachosha. Tulikaa kwenye benchi toka alfajiri mpaka saa sita. Mwajuma alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi, kila jina likiitwa tunashtuka wote wawili. Alipoingia nikabaki nje nasalimia watu, maana nilikuwa sijatosheka.

Alitoka anatembea mwenyewe. Daktari alikuwa amebonyeza, akanusa, akamwita mwenzake naye akanusa, kisha akamwuliza Mwajuma amefanya nini. Alipoambiwa asali, hakushangaa kama tulivyotegemea. Akasema endelea, osha vilevile, njoo kila wiki tukiangalie. Kukata, akasema, hakuna tena.

Aliandika kwenye kadi, na mimi na kisomo changu nikaisoma mwenyewe, herufi moja moja, pale nje juani. A, s, a, l, i.

MLANGO WA PILI, TENA

Nilikaa Mchafukoge wiki nzima. Asubuhi ya kwanza baada ya daktari nilijifunga kanga yangu nzuri, nikaenda mlango wa pili. Mama Elibariki alikuwa anafagia baraza. Nikasema habari za asubuhi, mama, umeamkaje. Akafagia. Nikasema nimekuja kukushukuru na kuomba radhi. Akafagia mpaka kwenye miguu yangu, nikainua mmoja, akafagia chini yake, nikainua mwingine, akafagia, akaingia ndani.

Asubuhi ya pili nikamkuta anaanika nguo. Nikasalimia. Akaniambia jua la leo kali.

Asubuhi ya tatu nikasalimia, akasema maharage yamepanda bei. Ya nne hakusema kitu. Mwajuma alikuwa amemweleza kila kitu tangu jioni ile ya Feri, alikuwa anajua vizuri kwa nini sikumwitikia, lakini alikuwa anavuna deni la shikamoo zake mbili. Na jioni hiyohiyo, bila neno kwangu, aliingia na beseni lake, akamwosha Mwajuma mguu kwa mikono laini kabisa, mimi nimeshika taa ya chemli, naangalia mwanamke niliyemnyima salamu akiuokoa mguu niliokuja kuuokoa. Asubuhi ya tano na ya sita niliendelea kusalimia. Nilianza kumhurumia yule mama wa muhogo Nangurukuru.

Siku ya kuondoka nimeshafunga mzigo, Mwajuma amesimama mlangoni kwa miguu miwili. Mama Elibariki akatoka na chupa kubwa, imezibwa kwa gunzi la mahindi, ndani asali nyeusi. Akaniwekea mikononi.

"Hii ya kwenu," akasema. "Kuna watu wenye vidonda kila mahali."

Nikamwuliza masharti yake.

"Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Masharti ni hayo. Ukiibeba salimia kila mtu. Hii haifi."